Bia ya Wapagazi

Mtu aendaye kukaa ng'ambo hupimwa na wenyeji wake kwa namna anavyokipokea kinywaji chao. Chakula aweza kujipikia peke yake chumbani mwake. Lakini kinywaji cha barazani hunywewa mbele za watu, na mgeni akichagua hiki akaacha kile amekwisha kusema neno juu ya nafsi yake na juu ya waliomkaribisha. Siku hizi wako watu wengi wa Afrika ya Mashariki wanaosoma au kufanya kazi London, Edinburgh na Dublin, na miongoni mwao wale wasiokatazwa na dini yao hukuta mbele yao bia za Uingereza na za Ayalandi zenye majina mengi, wasijue waanze na ipi. Swali hilo laonekana dogo. Katika insha hii nataka kuonyesha ya kwamba lina historia yake, na kwamba sehemu moja ya historia hiyo ilipita Tabora, juu ya mabega ya watu wa Unyamwezi.

Na tuanze na wageni waliopatwa na swali hilo hilo kwa upande wa pili. Tarehe 7 Novemba 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliingia Kaze katika nchi ya Unyanyembe, karibu na pale ulipokuja kukua mji wa Tabora. Walikuwa wameiacha pwani mwishoni mwa mwezi wa Juni, na safari yao ilikuwa imechukua zaidi ya siku 130. Walipokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiarabu, ambaye ukarimu wake Burton aliushukuru sana katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860. Katika kitabu hicho hicho aliandika habari za pombe: jinsi inavyopikwa, nani huipika, na mahali inaponyweka. Alieleza ya kwamba ladha yake yafanana na ile ya bia nyepesi iliyochachuka, na kwamba mgeni huichukia mwanzoni, kisha haukupita muda akapatana nayo. Alieleza pia juu ya iwanza, nyumba ya watu wote katika kijiji cha Kinyamwezi, ambamo wanaume walishinda mchana kutwa wakizungumza, wakicheza na kunywa. Na jina alilolitumia kuieleza kwa wasomaji wake wa Uingereza ndilo lile lile ambalo Waingereza huziita nyumba zao za kunywea bia.

Burton hakuwa mtu wa maneno laini juu ya Waafrika. Mengi aliyoyaandika yamejaa dharau, na mwanafunzi wa leo huyasoma kwa uchungu. Kwa sababu hiyo hiyo ushahidi wake katika jambo hili una thamani kubwa zaidi. Mtu huyu, ambaye hakuona haya kukitukana alichokiona kibaya, alipokutana na pombe ya mtama hakuifanya kuwa kitu cha ajabu kisicho na jina. Aliiita bia.

Naye alisema kweli. Mpishi wa Unyamwezi huchukua mtama, au uwele, au ulezi, akauloweka majini, kisha akautandaza na kuufunika mpaka uchipue. Nafaka hiyo iliyochipua huanikwa juani, ikasagwa ikawa unga wa kimea. Unga wa nafaka isiyochipua hupikwa uji. Kimea hutiwa ndani yake, utamu ukatokea, na baadaye hamira iliyomo ikaugeuza utamu ule kuwa ukali. Mwisho kinywaji huchujwa na kuwekwa mitungini. Mpishi wa Kiingereza naye huloweka nafaka yake, ambayo ni shayiri, akaiacha ichipue, akaikausha, akaivunja, akaitia katika maji ya moto apate utamu, kisha akaitia hamira. Ukiondoa tofauti ya nafaka na ya vyombo, kazi ni moja. Elimu ya kwamba mbegu inayochipua huufungua utamu uliojificha ndani yake ilijulikana na mama wa Kinyamwezi kama ilivyojulikana na bwana wa kiwanda cha London.

Hapa msomaji aweza kupinga, akasema kwamba bia ya Kizungu ina hopsi, yale maua machungu ya mmea wa kutambaa, na pombe haina. Pingamizi hilo ni la haki, nalo latupeleka penye kiini cha habari yetu. Kwa karne nyingi Waingereza wenyewe walikunywa bia isiyo na hopsi. Waliiita ale, na aghalabu waliipika wanawake, kila mmoja nyumbani kwake, akauza kilichozidi mahitaji ya nyumba. Katika Kiingereza cha zamani palikuwa na neno maalumu la mpishi wa bia mwanamke, na neno hilo, Brewster, limebaki hadi leo kuwa jina la ukoo. Ale ile ilikuwa nzuri, lakini haikudumu. Baada ya siku chache ilichachuka. Hopsi zilipoletwa kutoka nchi za Flanders, katika karne ya 15, zilileta uchungu na zilileta kudumu. Bia iliyodumu iliweza kuwekwa ghalani, na iliyowekwa ghalani iliweza kusafirishwa. Na kazi yenye ghala na usafiri ilitaka mtaji, nao mtaji ulikuwa mikononi mwa wanaume. Kidogo kidogo wanawake wakatoka katika biashara ile. Hawakutolewa kwa sababu bia yao ilikuwa mbaya, bali kwa sababu haikuweza kwenda mbali.

Basi tofauti kubwa ya bia na pombe si ya maumbile yake. Bia ya chupa ni pombe iliyofundishwa kusafiri. Mwishoni mwa karne ya 18 kiwanda cha Hodgson, kilichokuwa upande wa mashariki wa London, kilipeleka Bara Hindi bia nyeupe yenye hopsi nyingi, nayo ilivuka bahari ikafika kwa maofisa na wafanyabiashara wa Kiingereza waliokuwa na kiu ya kwao. Baadaye viwanda vya mji wa Burton-upon-Trent, ambao maji yake yana madini yanayoifaa bia ya namna hiyo, viliichukua biashara ile na kuikuza, na chupa za Bass zenye pembetatu nyekundu zikajulikana katika bandari nyingi za dunia. Alama ile iliandikishwa mwaka 1876 kuwa ya kwanza kabisa katika daftari la alama za biashara la Uingereza. Mwingereza aliyeishi ng'ambo hakulazimika kukipokea kinywaji cha wenyeji wake, kwa kuwa cha kwao kilimfuata. Pombe ya Unyamwezi ilimngoja msafiri. Bia ya Uingereza ilikwenda pamoja naye.

Lakini ilikwenda naye mpaka penye mwisho wa meli. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora hapakuwa na gari wala mnyama wa kutegemewa, kwa ajili ya mbung'o. Kila kitu kilichukuliwa na binadamu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70 au kilo 32, mbali na chungu chake, mkeka wake na silaha yake. Hebu tufanye hesabu ndogo. Chupa ya bia iliyojaa, kwa kioo kizito cha zama zile, haipungui kilo moja. Hivyo dazeni mbili pamoja na kasha lake zilitosha kuwa mzigo wa mtu mmoja kwa mwendo wa miezi mitatu au zaidi, na mtu huyo alitaka ujira wa nguo na posho ya kibaba kwa siku. Bia ina maji mengi na ukali mdogo. Brandi katika chupa ya ukubwa ule ule ina ukali wa mara saba au nane. Ndiyo sababu Burton, alipoandika orodha ya vitu vya safari yake, alitaja dazeni moja ya brandi, na dazeni nne nyingine zilizokuwa zifuate nyuma. Ndiyo sababu pia, Stanley alipokutana na Livingstone kule Ujiji mwaka 1871, alifungua chupa ya shampeni aliyoichukua safari nzima kwa ajili ya siku hiyo, wakainywea katika vikombe vya fedha. Kitu cha sherehe moja kiliweza kustahimili gharama ya bega. Bia, ambayo ni kinywaji cha kila siku, haikuweza. Mwezi wa Februari mwaka 1872 mabwana wale wawili walifika Kwihara, karibu na Tabora, wakakaa katika tembe. Na bia iliyokuwako katika nchi ile ilikuwa ile ya mama wa Kinyamwezi.

Kwa hiyo tukiuliza ni nani aliyeamua Mzungu anywe nini katika Tabora ya karne ya 19, jibu ni kwamba bega la mpagazi ndilo lililoamua, kabla ulimi wa Mzungu haujasema lolote. Vitabu vya wasafiri vimejaa malalamiko juu ya wapagazi waliochelewa katika vijiji vyenye pombe. Yafaa tukumbuke ya kwamba mtu aliyechukua shampeni ya bwana wake hadi Ujiji hakuandikwa jina lake mahali penye shampeni ile, na kwamba pombe ya kijijini ndiyo iliyokuwa chakula, pumziko na malipo ya mwili wake.

Na hapa pana jambo ambalo kila mwanafunzi wa Tabora anayekwenda Uingereza anastahili kulijua kabla hajaagiza gilasi yake ya kwanza. Mwanzoni mwa karne ya 18 ilizuka London bia nyeusi, nzito, yenye kushibisha na ya bei nafuu, ikapendwa mno na wabeba mizigo wa mji ule. Watu hao walikuwa maelfu. Walipandisha makaa, nafaka na samaki kutoka mashua za mto Thames, wakapeleka vifurushi na barua mitaani. Walikuwa na vyama vyao, na baadhi yao walivaa beji za madini kuonyesha ya kwamba wana idhini ya mji. Kwa Kiingereza mpagazi huitwa porter, na bia ile ikaitwa porter, kwa jina la wanywaji wake. Ile iliyokuwa kali na nzito zaidi iliitwa stout porter, na baadaye stout peke yake. Arthur Guinness, aliyepanga kiwanda cha St James's Gate mjini Dublin mwaka 1759 kwa muda wa miaka 9000 na kodi ya pauni 45 kwa mwaka, alianza na ale; lakini mwaka 1799 kiwanda chake kiliacha ale kabisa kikashika porter. Mwaka 1801 kilikuwa na namna ya porter yenye nguvu zaidi kwa ajili ya visiwa vya West Indies, na kutoka katika hiyo imeshuka Guinness ya ng'ambo inayojulikana Afrika.

Basi bia mashuhuri ya Ayalandi, inayonyweka leo na mawaziri na maprofesa, ni bia ya wapagazi. Haikuwaonea haya waliochukua mizigo. Ilijivika jina lao ikazunguka nalo duniani. Mji wa Tabora ulijengwa kwa kazi ile ile, na pombe yake ilinywewa kwa haja ile ile ya mwili uliochoka. Mbona basi moja imepata heshima, na nyingine imebaki nje ya mlango?

Sehemu ya jibu imo katika reli, na sehemu imo katika sheria. Reli ya Wajerumani iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912. Kwa siku moja hesabu yetu ya frasila ilikoma. Kasha la bia, ambalo zamani lingemchosha mtu mmoja kwa miezi, sasa lilipanda behewa pamoja na makasha mengine mamia. Wajerumani walikwisha kuwa na kiwanda cha bia Dar es Salaam, na baada ya vita Waingereza nao walipata vyao: Nairobi mwaka 1922, na Dar es Salaam katika miaka ya 1930. Bia ya chupa ikawa kitu cha kawaida katika kilabu za Wazungu. Lakini mpagazi wa zamani, au mwanawe aliyekuwa sasa kibarua wa reli, hakuruhusiwa kuinunua. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikuwa umeweka mipaka juu ya vileo vikali katika Afrika yote kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini, na Tabora iko digrii 5 kusini. Serikali za kikoloni zilikwenda mbele zaidi ya mkataba, zikakataza hata bia ya chupa. Mwafrika wa Tanganyika aliweza kuipakua stesheni. Kuinywa ilikuwa kosa, na katazo hilo lilikuja kulegezwa hatua kwa hatua baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Sheria ile iligawa vinywaji kwa rangi za wanywaji. Palikuwa na fungu la pombe ya wenyeji, lenye leseni zake, saa zake na kilabu zake za mjini, na palikuwa na fungu la vileo vya wengine. Mama aliyepika nyumbani bila leseni alikuwa mhalifu. Na lugha ikafuata sheria. Kile ambacho Burton alikiita bia bila kusita, kamusi za baadaye zilikieleza kuwa bia ya wenyeji, na watu wa mjini waliliweka neno bia, lililotoka Ulaya, kwa ajili ya kile cha chupa. Ni kweli kwamba leo neno pombe limepanuka likawa jina la kila kileo. Lakini sikiliza mtu anaposema pombe ya kienyeji, kisha umsikilize anaposema bia, nawe utasikia ngazi mbili. Ngazi hizo hazikujengwa na ulimi. Zilijengwa na chupa, reli na hakimu, nasi tumezirithi tukadhani ni za maumbile.

Sasa twaweza kumrudia yule aliye ng'ambo na swali lake. Lililo rahisi kwake ni kuagiza kile alichokizoea: chupa ya stout au ya lager ambayo angaliweza kuinunua Tabora kwenyewe. Hana kosa, lakini hajatoka nyumbani. Ushauri ambao historia yampa ni kwamba achague kwanza kisichoweza kumfuata. Mwaka 1971 Waingereza wanne waliokuwa matembezini Ayalandi, wakichukizwa na bia za viwanda vikubwa zilizouawa hamira na kujazwa gesi, waliunda chama cha kuitetea bia ya pipa. Bia hiyo huendelea kuchachuka ndani ya pipa lake katika ghala la chini ya nyumba ya kunywea, huvutwa kwa pampu ya mkono, hainywewi ya baridi kali, na pipa likifunguliwa haidumu ila siku chache. Wengi walidhani kwamba chama kile ni mchezo wa wazee. Lakini kiliishi na kukua, na bia ya pipa ikaokoka. Mtu wa Unyamwezi akionja mild au bitter ya pipa, akaona ya kwamba ni hai, kwamba leo si sawa na jana, na kwamba ni lazima anywe pale ilipo, ataikuta karibu zaidi na mtungi wa bibi yake kuliko chupa yoyote. Baada ya hapo na aijaribu porter, akijua jina lake lina maana gani. Porter nayo ilikuwa imekufa: katika miaka ya 1970 Guinness waliiacha, na viwanda vya Uingereza vilikuwa vimeiacha kabla yake. Ilifufuliwa na watu waliosoma madaftari ya kale ya wapishi na kuipika upya.

Neno hilo la madaftari lastahili kuangaliwa. Waingereza waliweza kuifufua porter kwa kuwa iliandikwa: kiasi cha kimea, kiasi cha hopsi, siku za kukaa pipani. Pombe ya mtama ya njia ya misafara, na wanzuki wa asali ya misitu ya miyombo ambao Tabora yajulikana nao, zimeandikwa zaidi na wageni waliopita na mahakimu waliotoza faini. Wala mtu asiseme kwamba nafaka yetu haistahili. Guinness walijenga kiwanda Ikeja, Nigeria, mwaka 1962. Na serikali ya nchi ile ilipokataza kuingizwa kwa kimea cha shayiri mwaka 1988, wapishi wa bia waligeukia mtama na mahindi. Bia ya Ayalandi iliyotoka Dublin ikiwa na shayiri ilikutana Afrika na nafaka ile ile ambayo Burton aliiona ikichipushwa Unyamwezi, na haikupoteza jina lake.

Wako wasomaji wetu ambao kwao kinywaji chochote cha namna hii ni haramu, na insha hii haikuandikwa kumshawishi mtu anywe. Historia ya kinywaji ni historia ya kazi, ya sheria na ya wanawake, na asiyeonja tone aweza kuiandika vema kama mwingine, pengine vema zaidi. Kazi hiyo yatungoja. Wako bado wazee wa kike katika vijiji vya Uyui, Sikonge na Urambo wanaojua ni siku ngapi mtama ulowekwe wakati wa kusi na ngapi wakati wa masika, ni kimea kipi huharibu mtungi, na ni sehemu gani ya pombe iliyopelekwa kwa mtemi. Mwanafunzi aliyejifunza katika chuo cha ng'ambo kutofautisha mild na bitter amekwisha pata nusu ya elimu itakiwayo. Nusu ya pili iko kwao, na njia ya kuifikia haihitaji pasi ya kusafiria. Yahitaji kalamu, adabu mbele ya mpishi, na haraka.